Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Mwanzoni mwa Oktoba iliyopita, kabla chuo hakijafunguliwa, nilikwenda nyumbani Matombo kwa mapumziko mafupi. Njia ni ile ile itokayo Bigwa. Hupita Kiroka na Mkuyuni, ikapanda na kuteremka baina ya migomba, mikarafuu na mishelisheli. Msomaji asiyepajua kwetu yampasa ajue jambo moja tu, nalo ni kwamba upande huu wa milima ya Uluguru unatazama mashariki, iliko Bahari ya Hindi. Pepo zitokazo baharini zinapolazimika kuupanda mlima hupoa, na mvuke uliomo hugeuka mvua. Kwa hiyo hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima: chumvi huloa ndani ya kopo, nguo huchelewa kukauka, na shaba iliyoachwa wazi huota kutu ya kijani. Unyevu huo utajitokeza tena katika habari hii.

Siku ya pili alikuja mpwa wangu, ambaye hufundisha fizikia katika mojawapo ya shule za sekondari za upande huo wa mlima. Baada ya shikamoo na habari za safari alisema, "Mjomba, pale shuleni kuna kompyuta mbili zimekufa. Mkuu wa shule ameomba ukazitazame." Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa akija na shauri la namna hiyo mjomba huwa hana nafasi kubwa ya kukataa. Nilikwenda.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na kufuli kubwa kuliko ile ya stoo ya chakula. Ndani mlikuwa na kompyuta sita za mezani. Nne zilikuwa zikifanya kazi. Mbili zilikuwa pembeni, zimefunikwa kanga moja, na katika leja ya vifaa mbele ya namba zake palikuwa pameandikwa neno moja tu: "mbovu".

Nilibonyeza kitufe cha ile ya kwanza. Haukusikika mlio wa feni, wala haikuonekana taa. "Ndivyo ilivyo tangu mwaka juzi," akasema mkuu wa shule. Nikaomba bisibisi. Hapo watu waliokuwamo chumbani wakatazamana. Mashine zile ni mali ya umma, kila moja ina namba iliyoandikwa kwa rangi, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuifungua. Mpwa wangu, mwenye shahada ya fizikia, alikuwa ameilinda kompyuta ile kwa karibu miaka miwili pasipo kuondoa ubavu wake mmoja, ambao umeshikwa na skrubu mbili tu.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilifikisha umri wa miaka 27, nikiwa na shahada mbili za fizikia, kabla sijapata kuona tumbo la kompyuta. Nilikuwa Uswidi, nimekwenda kusomea uzamivu, na fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, alinikabidhi bisibisi siku ya kwanza. Aliniambia niifungue mashine niliyopangiwa, nimtajie kila kilichomo na kazi yake, ndipo niitumie. Niliweza kutaja vitu vitatu. Nilikuwa najua kukokotoa mwendo wa elektroni ndani ya fuwele, lakini sikujua waya upi ndio uliokuwa ukileta umeme kwenye mashine iliyofanya hesabu hizo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nini kilichokosekana katika masomo yangu ya nyuma, na sidhani kwamba kilikuwa akili wala vitabu.

Mkuu wa shule alifikiri kidogo, kisha akatoa ruhusa, kwa sharti kwamba yeye awepo na kila skrubu iwekwe katika kisosi. Tukachomoa waya wa umeme, tukafungua. Ndani tulikuta vumbi, sisimizi wakavu, na mayai mawili ya mjusi juu ya feni. Madirishani walikuwa wamekwisha jaa wanafunzi wa kidato cha tatu, tukawaita waingie.

Kabla sijasema tulichokiona, yafaa nieleze kitufe kile hufanya kazi gani, kwa sababu watu wengi, hata wasomi, wanadhani kwamba ni swichi kama ile ya taa ya chumbani. Zamani ilikuwa hivyo. Katika kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 1980, swichi ilikata na kuunganisha umeme wenyewe wa volti 230 utokao ukutani. Lakini mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu mpya wa kuunda kompyuta za mezani, uitwao ATX, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa baadaye zimeufuata utaratibu huo au jamaa zake. Katika utaratibu huu kitufe hakigusani kabisa na umeme wa ukutani. Ndani ya kasha mna kisanduku cha chuma kiitwacho pawa saplai, ambacho huupokea umeme geu wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 3.3, 5 na 12. Mradi plagi imo ukutani na swichi ya ukutani imewashwa, kisanduku hiki hakilali usingizi mzito. Kupitia waya wa zambarau hupeleka volti 5, kwa mkondo mdogo tu, kwenye ubao mkuu wa mashine, ambao mafundi wetu wa mjini huuita mazabodi. Umeme huo mdogo hutosha kumweka macho mlinzi mmoja ndani ya mazabodi, sakiti ndogo ambayo kazi yake ni kungoja.

Huyo mlinzi hungoja nini? Pembeni mwa mazabodi kuna kundi la pini nyembamba zinazotokeza juu, na mbili kati ya hizo zimeunganishwa kwa nyaya na kitufe cha mbele. Pini moja hushikiliwa kwenye volti 3.3 au 5. Ya pili ni ardhi, yaani volti sifuri. Unapobonyeza kitufe, pini hizo mbili hugusana kwa muda mfupi, na ile yenye volti hushuka ikafikia sifuri. Mlinzi huona mabadiliko hayo, naye huushusha waya wa kijani, mmoja tu katika shada la nyaya zitokazo kwenye pawa saplai, hata sifuri. Kwa pawa saplai hiyo ndiyo amri ya kufungua volti zote. Zikisha kutulia, yenyewe hurudisha habari kwa waya wa kijivu kwamba umeme ni mzuri, na hapo ndipo mashine huanza kazi. Haya yote hutendeka katika muda usiofika nukta moja. Kitufe, basi, hakiwashi kompyuta. Hupiga hodi tu. Ndiyo maana ukikishikilia kwa nukta kama nne mashine huzimika: mlinzi amefundishwa kwamba hodi ndefu ni amri ya kufunga.

Msomaji akisha kuelewa jambo hili, atatambua kwamba kompyuta isiyowaka huenda haina ugonjwa wowote mkubwa. Yawezekana mwenye nyumba yumo ndani, mzima, ila hodi haimfikii.

Kwa ile kompyuta ya kwanza ndivyo ilivyokuwa. Mtu fulani, pengine alipokuwa akiisogeza kwa haraka, alivuta nyaya za kitufe kwa nguvu, na pini moja kati ya zile mbili ikakatika hata mzizi. Ya pili ilikuwa imesimama, imepinda kidogo. Taa ndogo ya kijani juu ya mazabodi iliwaka tuliporudisha waya wa ukutani, dalili kwamba mlinzi alikuwa macho.

Mawazo yangu yalikwenda mbali mara moja. Nilifikiri juu ya kuung'oa ubao wote, kuupeleka Morogoro mjini, na kulehemu nyaya mbili kwa chini, mahali pini zinapotokeza upande wa pili. Ni njia sahihi, nami nilikuwa nimekwisha anza kuieleza. Wakati huo mpwa wangu alikuwa ametuma mtoto sokoni kwa fundi wa redio kuazima mita ya umeme. Ilipofika, tulimpa mwanafunzi mmoja, msichana, aweke ncha nyekundu kwenye pini iliyobaki na ncha nyeusi kwenye bati la kasha. Mita ikasoma karibu volti 3.3. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kama huyu aliyebaki ndiye mwenye volti, basi aliyevunjika ni ardhi. Na ardhi si ndiyo bati lote hili?"

Nilinyamaza. Alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa sijaifikiria. Ardhi ya mazabodi imeunganishwa na kasha la chuma kupitia skrubu zinazoushikilia ubao. Pini iliyokatika haikuwa na kitu chochote ambacho bati lote halina. Tulichomoa tena waya wa ukutani, tukapima ukinzani kati ya skrubu ya kasha na waya mweusi mmoja wa pawa saplai: sifuri, au karibu yake. Tukarudisha umeme. Msichana yule akashika kipande cha waya uliovikwa plastiki, akagusisha ncha moja kwenye pini na ncha nyingine kwenye bati, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Feni ikazunguka (mayai ya mjusi tulikuwa tumeyaondoa), na baada ya kitambo skrini ikaandika jina la mtengenezaji. Sitaeleza kelele zilizofuata.

Dawa ya kudumu haikuchukua robo saa. Waya mmoja wa kitufe uliwekwa kwenye pini iliyobaki, na wa pili ukamenywa ncha na kubanwa chini ya skrubu ya kasha. Gharama yake haikuwapo. Hoja iliyoponya mashine ilitolewa kwa Kiswahili, na mwanafunzi ambaye somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza. Sijui kama angeitoa kwa lugha ile nyingine, na wenzangu wanaosimamia elimu wangefanya vema kulifikiria hilo mara moja zaidi.

Si kila kisa ni chepesi hivyo. Kama pini zote ni nzima na kitufe ndicho kilichochakaa, inatosha kuchomeka nyaya za kitufe cha kuanzisha upya mahali pa zile za kuwashia, maana vitufe vyote viwili ni vya aina moja, navyo hugusanisha na kuachia tu. Kama pini iliyokatika ni ile yenye volti, bati halitasaidia; hapo fundi wa kulehemu anahitajika kweli. Lakini hata katika hali hiyo iko njia ya pembeni, ikiwa mashine inaweza kuwashwa walau mara moja kwa kugusa kisiki cha pini. Katika mipangilio yake ya awali, ambayo mafundi huiita bayosi, kompyuta nyingi zina kifungu kinachouliza mashine ifanye nini umeme ukikatika na kurudi. Ukichagua iwake, basi swichi ya ukutani inakuwa ndiyo kitufe. Njia hii siipendi sana kwa mahali kama kwetu, ambako wakati wa mvua na radi umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa saa. Mashine itawaka na kuzimika pamoja nao, na diski haipendi michezo hiyo. Anayeichagua aweke desturi ya kuchomoa plagi kila jioni.

Kuna hadhari pia juu ya pini zenyewe. Katika ubao mwingi unaofuata mpango wa Intel, pini za kuwashia ni ya 6 na ya 8, na majirani zake ni za taa na za kuanzisha upya. Si mbali zipo nyingine zinazobeba volti 5 kamili. Kugusisha ovyo kwa bisibisi pana kunaweza kuunguza kile ulichotaka kukiponya. Baadhi ya makampuni makubwa hupanga pini na rangi za nyaya kwa namna yake yenyewe. Kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyochapwa juu ya ubao, pima kwa mita, na usiamini rangi peke yake.

Sasa nije kwenye kompyuta ya pili, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Hiyo ilikuwa na historia tofauti. Kwa maelezo ya walimu, ilianza kwa kuzimika yenyewe mara moja kwa wiki, kisha kila siku, kisha ikakataa kabisa. Tulipoifungua tulisikia harufu kabla ya kuona chochote. Kile kiunganishi kikubwa chenye matundu 24, kinachopitisha umeme wa mazabodi kutoka kwenye pawa saplai, kilikuwa kimegeuka kahawia upande mmoja, na plastiki yake imeyeyuka ikashikamana na soketi. Vidole vya shaba ndani yake vilikuwa na ile kutu ya kijani.

Wanafunzi, wakiwa bado na furaha ya ushindi wa kwanza, walitaka tuiwashe kwa njia yoyote. Nilikataa, tukarudi ubaoni kufanya hesabu. Tuseme tundu moja la volti 5 linapitisha mkondo wa ampea 6. Mguso ulio safi una ukinzani mdogo mno, sehemu chache za elfu za omu moja, na hakuna anayeuhisi. Lakini unyevu ukiingia, kutu ikaota, na kiunganishi kikalegea kidogo, ukinzani waweza kufika 0.1 ya omu. Volti zinazopotea hapo ni 6 mara 0.1, yaani 0.6. Mazabodi iliyotazamia volti 5 inapata 4.4. Utaratibu wa ATX unaruhusu upungufu usiozidi asilimia 5, maana yake isishuke chini ya volti 4.75, si ajabu mashine ilikuwa ikizimika. Na joto? Mkondo kwa kipeo cha pili mara ukinzani: 36 mara 0.1, wati 3.6. Ni kidogo ukilinganisha na pasi, lakini wati hizo zimo ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya hindi, nazo haziondoki. Joto huongeza kutu, kutu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Mduara huo huishia kwenye moshi.

Mashine ya namna hii hailazimishwi. Anayeiwasha kwa hila, mathalani kwa kuunganisha moja kwa moja waya wa kijani na mweusi huku mazabodi ikiwa imo, anapeleka ampea zile zile katika mguso ule ule ulioungua, tena safari hii hakuna mlinzi wa kuuzuia. Kuunganisha kijani na mweusi ni kipimo kizuri, lakini ni cha pawa saplai iliyotolewa nje, ikiwa peke yake mezani. Katika kiunganishi cha kawaida cha matundu 24 waya wa kijani ni mmoja tu, na pande zake zote mbili pana waya mweusi. Ukiunganisha matundu hayo kwa kipande cha waya, kisha ukaiwasha ukutani, feni yake ikazunguka na mita ikasoma volti zake, umejua kwamba ugonjwa hauko huko. Ya kwetu ilizunguka. Basi mgonjwa ni kiunganishi na soketi yake, na labda zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kupelekwa kwa fundi, lakini inapelekwa pamoja na maelezo, wala haipelekwi na neno "mbovu".

Kisanduku cha pawa saplai chenyewe hakifunguliwi na mwanafunzi wala na mwalimu wake. Umeme geu wa volti 230 una kilele cha 230 mara kipeo-mzizi cha 2, yaani karibu volti 325, na kapasita zilizomo huweza kuushikilia umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Volti hizo huua. Nje ya kisanduku hicho, plagi ikiwa imechomolewa na taa ndogo ya mazabodi imezimika, hakuna kitu ndani ya kompyuta kinachoweza kumdhuru mtoto zaidi ya makali ya bati.

Ninatoa maoni yangu sasa, na mhariri asipoyapenda atayapunguza.

Kompyuta yetu ya kwanza hapa Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Siku hizi vijana wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi sicheki. Uzoefu wa Hazina ulikuwa mchungu: fedha za kigeni zilitumika, hesabu zikavurugika, na ujuzi wa mashine ulikuwa mikononi mwa wageni. Taifa lililokuwa limetangaza siasa ya kujitegemea lilikuwa na haki ya kuuliza litafanyaje na kitu ambacho haliwezi kukifungua. Marufuku ile haipo tena, wala sipendekezi irudi. Lakini swali lake halijajibiwa. Tumeruhusu mashine ziingie bandarini, kisha tukaziwekea kufuli mlango wa chumba, na leja ikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kibali.

Tazama tunavyofanya katika biolojia. Chura mzima, asiye na kosa, hukamatwa bondeni, akalazwa kwa dawa, akapasuliwa mezani ili mwanafunzi auone moyo na mapafu. Hatusemi kwamba chura ameharibika. Twasema mwanafunzi amejifunza. Lakini kompyuta ambayo tayari imeandikwa "mbovu", ambayo haipumui na haina thamani kwa mtu yeyote, hiyo ndiyo tunayoilinda isiguswe mpaka mkaguzi aje, naye akija huhesabu namba zilizoandikwa kwa rangi na kuondoka. Sijapata kuona mantiki ya jambo hili, na nimeitafuta.

Mwalimu Nyerere katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na masomo yaungane na kazi. Tulilima sana. Karakana zilibaki katika shule chache za ufundi, kama Ifunda, Moshi na Tanga, na katika shule nyingine fizikia ikaendelea kuwa somo la chaki. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo la 2023, imeleta mkondo wa elimu ya amali katika sekondari. Nimefurahi, ila nina hofu moja: kwamba bisibisi itapelekwa mkondo huo, na mkondo wa jumla utabaki na kibodi. Msichana wa Matombo hakuwa mwanafunzi wa ufundi. Alitumia sheria za fizikia ambazo ziko katika muhtasari wa kila shule, na alizitumia kwa sababu mara hiyo moja zilikuwa na kitu cha kushika.

Ninachopendekeza si ghali. Kila kompyuta ikisha kuandikwa mbovu, ihamishwe, kwa saini ya mkuu wa shule, kutoka chumba chenye kufuli kwenda maabara ya fizikia, na kiandikwe kifungu katika kanuni za vifaa kinachomlinda mwalimu aliyeifungua mbele ya wanafunzi, kama tunavyomlinda yule anayevunja bikari akifanya jaribio. Kila maabara iwe na mita ya umeme yake yenyewe. Mita ya kawaida si kifaa cha bei kubwa. Na vyuo vya ualimu vimpe kila mwalimu wa fizikia, kabla hajahitimu, mashine moja iliyokataa kuwaka, na siku nzima ya kukaa nayo.

Najua nitajibiwa kwamba wanafunzi watapoteza skrubu, watavunja pini nyingine, na kwamba siku moja mmoja atasahau kuchomoa plagi. Mawili ya kwanza nayakubali. Pini ile ya kwanza, kumbuka, ilivunjwa ndani ya chumba chenye kufuli. La tatu si la mzaha, na ndiyo sababu nimeandika habari ya volti 325 kwa urefu. Lakini wanafunzi hao hao wana umeme majumbani, na simu zao huchajiwa kwa nyaya zilizomenywa na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Hatari wanayo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha mahali ilipo.

Wengine husema kompyuta za mezani zimepitwa na wakati, kila mtu ana simu. Huenda. Simu imegundishwa kwa gundi, haifunguki kirahisi, na ikifunguliwa hakuna pini ya kuonekana kwa macho. Kwa ajili hiyo hiyo kompyuta kuukuu ya mezani, yenye skrubu mbili ubavuni, ni kitabu kizuri zaidi, na shule nyingi tayari zinacho, kimefunikwa kanga.

Niliondoka Matombo siku ya Jumamosi, mvua za vuli zikiwa zimekwisha anza. Kompyuta ya kwanza ilikuwa inawaka kwa kitufe chake. Katika leja mkuu wa shule alikuwa hajafuta neno "mbovu", kwa kuwa leja haifutwi, lakini chini yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "inawaka". Ya pili ilikuwa juu ya meza ya maabara, ubavu wake wazi, na karatasi iliyobandikwa na wanafunzi wenyewe ikieleza ni tundu lipi lililoungua na kwa nini isiwashwe. Mita ya fundi wa redio ilirudishwa sokoni, baada ya yeye kuja kuiulizia mara mbili.